Bibi Alivyonitafutia Chuo cha Kwanza Dar

Najua wapo watakaosema hii ni chai. Sawa. Leteni vitafunwa, mkae.

Mimi ndiye binti pekee ninayemjua aliyetoka chumbani mbio na vyeti vyake vya shule, akawakabidhi washenga waliokuja kumposa, halafu akawauliza kama hosteli zina maji.

Nilikuwa na akili zangu timamu. Tena nilikuwa na divisheni wani.

Ngoja niende taratibu, maana nikiruka hata kidogo mtasema naongopa.

Naitwa Naima. Kwetu ni Kiranjeranje, kwa wanaoijua barabara ya Lindi. Baba yangu, Mzee Bashiru, analima korosho na ufuta, na ni mjumbe wa kamati ya msikiti. Mtu mwema sana. Ila ana ugonjwa mmoja: ukitaja mji, presha inapanda.

Mimi ugonjwa wangu ni mwingine. Shuleni walikuwa wananiita Mwanaharakati. Mdahalo wowote nipo. Mwalimu akisema jambo, mkono wangu uko juu: "Kwa nini, Mwalimu?" Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu mwenye akili zake afikiri mwenyewe, aseme mwenyewe, na akitoka nyumbani asiulizwe na ukoo mzima anakwenda wapi.

Kijijini kwetu ukitoka kununua chumvi, hujafika dukani, mama yako ameshapigiwa simu.

Kwa hiyo matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mimi nilikuwa na dua moja tu. Chuo kikuu, na kiwe mjini. Mjini kwelikweli, siyo mjini pa kusingizia.

Mshauri wangu alikuwa Witness, rafiki yangu wa Mitwero, pale Lindi. Witness hakuwa na bando la kuchezea, lakini kwa jambo hili alinitumia voisi ndefu kama hotuba.

"Shoga, chuo siyo majengo. Chuo ni mji. Unaweza ukasoma kozi nzuri katikati ya pori, ukatoka na digrii yako na bado unaogopa watu. Tafuta mji uliochangamka. Uende kwenye midahalo, uone maonyesho, ukutane na watu wenye mawazo yao, unywe juisi saa unayotaka wewe."

Hiyo ya juisi ndiyo iliyonimaliza.

Nikachagua vyuo vitatu. Cha kwanza Dar, cha pili Mwanza, cha tatu Arusha. Nikampelekea Baba jina moja moja nikiwa nimejifunga ushungi vizuri, kwa heshima zote.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitajia chuo chake yeye. Kiko huko bara, ndani ndani, mtoto wa rafiki yake alisoma hapo.

"Kimetulia," akasema. "Jioni husikii kitu. Labda vyura."

Alivyosema "vyura" ungedhani anataja maktaba.

"Baba, mimi nakwenda kusomea vyura?"

"Dar inaharibu watoto, Naima. Nimeona kwa macho yangu."

"Lini, Baba?"

"Nilipokwenda."

Baba alikwenda Dar mara moja tu maishani mwake. Alikwenda kutibiwa macho.

Mama alikuwa anapepeta mchele pembeni. Nikamwona anainamisha uso kwenye ungo, mabega yanamtikisika. Kicheko chake hakikunisaidia kitu, maana Mama kwenye mambo haya huwa anasema, "Mimi simo."

Dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa. Nikalia. Nililia kweli, siyo kwa kudeka. Nilijua nikipelekwa huko kwenye vyura nitasoma, nitarudi, nitaolewa nyumba ya tatu kutoka hapa, na maswali yangu yote nitakuwa nawauliza kuku.

Baba hapendi kuona mtu analia. Akakohoa, akajikuna kidevu.

"Haya. Nenda kwa Bibi yako Njinjo. Bibi akisema Dar, mimi sina neno."

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefunga mlango na ufunguo akautia mfukoni. Alikuwa anamjua mama yake. Bi Somoe, mtu ambaye aliniona nimevaa suruali mara moja akauliza kama kuna msiba wa nguo.

Lakini mimi na Bibi tuna utani wetu. Yeye huniita "mke mwenzangu" tangu sijaota meno. Nikasema, potelea mbali, naenda.

Nikapanda gari mpaka Nangurukuru, kisha bodaboda mpaka Njinjo, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Nikamkuta Bibi barazani anachambua kunde, tende mdomoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunipokonya kilichobaki?"

"Nimekuja na shida, Bibi. Nataka chuo."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, kama ananiona mara ya kwanza.

"Kumbe umekua," akasema. Sauti yake ilikuwa laini mpaka nikashangaa. "Na baba yako anasemaje?"

"Anataka anichagulie yeye."

"Hata mimi cha kwanza nilichaguliwa." Akatema kokwa ya tende. "Sikuulizwa."

Nikaduwaa. Bibi? Chuo? Bibi ambaye simu akipigiwa anauliza ni kitufe gani?

"Bibi, kwani wewe ulipita chuo?"

"Vinne, mjukuu wangu. Nimepita vyuo vinne."

Hapo nikaelewa. Wazee wa kwetu madrasa wanaita chuo. Nikajua anasema vyuo vya Qur'ani, na nikafurahi kwamba ana uzoefu, hata kama si wa aina yangu. Habari za ujana wake sikuwahi kuziulizia. Hata babu mimi nilimkuta kaburini.

"Cha kwanza kilikuwaje, Bibi?"

"Cha fimbo."

"Pole."

"Nilitoroka. Usiku nikarudi kwetu kwa miguu, baba yangu asubuhi akanirudisha. Nikatoroka tena." Akatoa jiwe kwenye kunde, akalitupa mbali kuliko inavyostahili jiwe. "Cha pili ndicho kilikuwa cha raha. Mungu akakichukua mapema."

"Kilifungwa?"

"Kilifungwa, kikazikwa."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu tulijazana."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Watatu tu, Bibi? Sisi shuleni tulikuwa sabini darasa moja."

Bibi akaacha kunde kabisa. "Watatu ndani ya nyumba moja, jiko moja, unasema tu? Wewe mtoto una moyo gani?"

Nikaomba radhi. Nikamwuliza cha nne.

"Cha nne ndicho nilichotulia. Ndimo nilimompata baba yako."

Nikajua kumbe alizaa akiwa masomoni. Nikamheshimu mara mbili.

Basi nikajiona nimefika kwa mtu. Nikamwaga yote. Nikamwambia nataka chuo cha mjini, mji uliochangamka, wenye taa, wenye watu, wenye muziki, mahali ambapo mtu ana uhuru wake, anatoka, anarudi, hakuna wa kumkaba kwa maswali. Nilimsifia Dar kana kwamba nimezaliwa Kariakoo. Bibi alikuwa anasikiliza mdomo wazi.

"Kweli vipo hivyo siku hizi?"

"Vipo, Bibi. Mimi nimechagua vitatu. Cha kwanza Dar, cha pili Mwanza, cha tatu Arusha."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Yaa Rabi! Hujaingia cha kwanza ushakipanga cha tatu?"

"Ndiyo utaratibu, Bibi. Cha kwanza wakikukataa, cha pili wanakupokea."

"Ni kweli," akasema, amekuwa makini ghafla. "Ni kweli kabisa. Sisi hakuna aliyetwambia."

"Na unaomba kwa simu tu. Unajaza taarifa zako, wanaangalia, wakikutaka wanakujibu."

"Na sura wanaiona?"

"Unaweka picha ndogo ya pasipoti."

"Ya uso tu?"

"Ya uso tu."

"Afadhali," akasema Bibi.

"Tena wengine wanapata vyuo viwili kwa mpigo."

"Astaghfirullah!"

"Ndiyo, lakini hairuhusiwi kukaa navyo vyote. Unathibitisha kimoja."

Akanishika mkono, akanikaza. "Uthibitishe haraka, mwanangu. Haraka sana. Jambo hilo si la kulala nalo."

Nikamwambia shida iliyobaki ni Baba, anataka chuo kilichotulia, huko kwenye vyura. Bibi akabetua midomo. "Bashiru anajua nini habari ya vyuo? Kapita kimoja tu." Akafunga kanga yake upya. "Hicho cha Dar niachie mimi. Nina mtu pale."

Nina mtu pale.

Sasa, mimi huyu huyu niliwahi kushinda mdahalo wa shule kwa mada ya kupinga upendeleo. Nilipiga meza. Nilisema taifa haliwezi kujengwa na watu wenye "mtu pale". Lakini siku ile Njinjo, Bibi aliposema ana mtu, nilifanya nini?

Nikamwambia, "Ahsante, Bibi, Mungu akuzidishie."

Nikarudi nyumbani natembea kwa maringo. Zikapita siku chache, Bibi akampigia Baba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, sikio limeganda ubaoni.

"Naam, Mama... Ndiyo, amenieleza... Dar?... Kweli Dar?... Haya, Mama. Karibuni."

Alipokata simu alikuwa kanywea. "Bibi yako kasema Dar," akaniambia. "Na Jumamosi anakuja na wageni. Wanakuja kwa habari ya chuo chako."

Nilimtumia Witness voisi ya kelele tupu. Witness akajibu, "Shoga! Chuo kinakuja nyumbani? Bibi yako ni nani serikalini?"

Jumamosi ikafika. Baba kavaa kanzu ya Idi, kachinja jogoo. Hata yeye, nikwambieni ukweli, alikuwa ameanza kujivuna chini kwa chini. Majirani walimwuliza, naye akawajibu, "Watu wa chuo kutoka Dar," akiwa anatazama pembeni kama jambo la kawaida.

Gari ikasimama. Akashuka Bibi, kajipulizia marashi. Akashuka mzee mmoja mrefu, msafi, kofia ya viua, fimbo ya mpingo. Bibi akamtambulisha: Mzee Likwata, mzaliwa wa Njinjo, sasa makazi yake Mbagala, huja kila msimu wa ufuta. Nyuma yake mama mmoja kabeba sinia limefunikwa kitambaa kilichodariziwa.

Mimi nikajua ndani ya sinia kuna vipeperushi.

Wageni wakakaa mkekani. Kahawa ikapita, kashata zikapita. Mzee Likwata akasafisha koo.

"Tumekuja kwa heri," akasema. "Tumesikia hapa pana binti, naye yuko tayari kwa chuo cha kwanza. Nasi Dar tunayo nafasi."

Sikuweza kungoja kuitwa. Nikatoka mbio na bahasha yangu ya vyeti, nikapiga goti, nikaamkia, nikamkabidhi.

"Divisheni wani, Mzee. Historia nina A."

Mzee Likwata akavishika vyeti vile kwa mikono miwili, akavigeuza, akamtazama Bibi. Bibi akamwambia kwa fahari, "Nilikwambia, mtoto wa siku hizi."

"Mashaallah," akasema mzee. "Maandalizi haya sijapata kuyaona."

Nikaona nimepiga bao. Nikaendelea. "Naomba kuuliza, Mzee. Malazi yapo?"

"Yapo. Nyumba nzuri, vyumba vitatu, Mbagala."

"Maji?"

"Ya bomba, na kisima."

"Na chumba kimoja tunakaa wangapi?"

Kahawa ikampalia. Alikohoa mpaka Baba akampiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema polepole, "Kwa kawaida, mwanangu, wawili."

"Si mbaya," nikasema. "Mimi nilidhani wanne."

Yule mama wa sinia akaangalia dari. Bibi akaona mambo yanachelewa, akapiga makofi. "Tusome fatiha kwanza, maneno baadaye."

Viganja vikainuka. Mzee Likwata akaiombea heri safari ya binti Naima, chuo chake cha kwanza, katika jiji la Dar es Salaam. Baba alipaza "Amin." Niliyepaza kuliko wote ni mimi.

Ndipo sinia likafunuliwa.

Ndani kulikuwa na kanga doti mbili, halua, udi, na pete.

"Chuo kinatoa na kanga?" nikauliza.

Mzee Likwata akatoa simu, akanionyesha picha ya kijana kavaa shati jeupe, kasimama mbele ya duka la spea za pikipiki. "Huyu ni Iddi, mtoto wa ndugu yangu."

"Ndiye mkuu wa chuo?"

"Hapana, mwanangu," akasema mzee, kwa huruma ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ndiye chuo chenyewe."

Wadau, nilichoka.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi kama mimi, niwafungueni macho. Kwa wazee wa pwani, ndoa nayo ni chuo. Mume wa kwanza ni mume wa chuo cha kwanza. Ukiachika ukaolewa tena, umeingia chuo cha pili. Siyo siri, ni Kiswahili chao cha kila siku, ila sisi tumekipitia juu juu tukikimbilia kingine.

Sasa rudini kule Njinjo, msome upya maneno yangu. Mimi nimekwenda kwa bibi yangu mzaa baba, nimemwambia nataka waume watatu, Dar, Mwanza na Arusha, wenye uhuru, na kwamba siku hizi watu wanapata wawili kwa mpigo. Na nikamwambia wake wenza watatu ni wachache.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Nikamgeukia Baba. Baba yangu, adui wa Dar, mtetezi wa vyura. Nikajua huyu sasa ndiye wa kuniokoa.

Baba alikuwa anamwelekea Mzee Likwata, uso umenawiri.

"Mbagala ipi hiyo?" akauliza.

"Rangi Tatu."

"Aa, pale pamechangamka," akasema Baba.

Jamani!

"Baba, si ulisema Dar inaharibu watoto?"

"Watoto, ndiyo. Wewe utakuwa mke wa mtu."

"Ni Dar hiyo hiyo, Baba! Taa zile zile, watu wale wale!"

"Lakini utakuwa na mwenyewe," akasema, na akashangaa kwa dhati kwamba sielewi.

Nililia mbele za wageni, sikujali. Nikawaambia wote nilichokuwa nataka: kitabu, darasa, mwalimu wa kubishana naye. Nikawaambia mimi sikuomba mume, nimeomba shule, na kama kusoma Dar ni haramu ila kuolewa Dar ni halali, basi anieleze mtu mmoja hapo jiji linajuaje tofauti.

Mama, yule wa "mimi simo", akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mjibu mwanao," akamwambia Baba. Baba akatazama kashata.

Bibi akasogea karibu yangu. Akaniuliza taratibu, "Kumbe ulikuwa unasema shule?"

"Ndiyo, Bibi."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

"Na ile ya picha ya uso?"

"Shule, Bibi."

Akavuta pumzi ndefu. Nilidhani atanichapa. Badala yake akamgeukia mwanawe.

"Bashiru. Ulimwambia mtoto nikisema Dar huna neno?"

"Nilimwambia, Mama, lakini..."

"Na hapa tumesoma fatiha ya nini?"

"Ya chuo cha kwanza."

"Wapi?"

"Dar."

"Ukasema Amin?"

Baba akajiinamia. "Nilisema."

"Basi imekwisha. Fatiha hairudishwi mfukoni. Atakwenda chuo Dar. Tuliyoiombea ni safari yake, na safari ni ya shule." Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka macho yananilowa: "Mimi cha kwanza sikuulizwa, Bashiru. Huyu ameulizwa, na amejibu. Unataka nini tena?"

Mzee Likwata, mtu muungwana, alifunika sinia mwenyewe. "Mimi siwezi kugombana na mwenye divisheni wani," akasema, akanirudishia vyeti. Iddi, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na mchumba wake Chamazi na hakuwa na habari kwamba anaoa. Alinitumia meseji ya kunishukuru.

Jogoo alikuwa ameshaiva, kwa hiyo tulikula. Mzee Likwata akamsifu Bibi kwa namna alivyoamua shauri. Bibi akamwambia, "Kula, usinitie maneno." Wakacheka sana kwa kitu ambacho mimi sikukiona kinachekesha.

Nikaomba udahili. Nikapata. Chuo cha kwanza, Dar! Witness akapata Mwanza. Nikaanza kutafuta hosteli, nikawa nalala naota juisi.

Karibu chuo kifunguliwe, simu ya Baba ikaita.

"Naam, Mama... Wageni? Kwa habari ya chuo?" Baba akanitazama kwa wasiwasi. "Mama, safari hii sema wazi. Chuo cha nani?"

Nilisikia sauti ya Bibi mpaka nilipokaa.

"Changu! Cha tano!"

Mzee Likwata, kumbe, mke alishafariki. Na kumbe msimu wa ufuta ulikuwa umekwisha siku nyingi, ila yeye alikuwa bado anapita Njinjo.

Bibi alipoulizwa na ndugu kwa nini anahama utu uzima huu, aliwajibu kwamba mjukuu wake, msomi, ndiye aliyemweleza vizuri habari za Dar. Kuna taa, kuna watu, kuna muziki. Alinitaja kwa jina.

Arusi ikapigwa. Bibi akahamia Mbagala, nyumba ya vyumba vitatu, maji ya bomba na kisima. Na Baba, ambaye siku zile uso wake ulikuwa haujachangamka tangu ile fatiha, akachangamka ghafla.

"Chumba kipo, Bibi yako yupo," akasema. "Hosteli ya nini?"

Niliomba. Nilibishana. Nilitumia kila hoja niliyowahi kushindia mdahalo. Baba akaniambia, "Ulitaka Dar, hiyo Dar."

Basi ndiyo maisha yangu. Nasoma jiji kubwa kuliko yote nchini, darasani tunajadili uhuru wa mtu binafsi mpaka mhadhiri anachoka, kisha narudi Mbagala kwa Bi Somoe. Nikitoka: unakwenda wapi? Na nani? Kwao wapi? Hiyo sketi ndiyo imeishia hapo au bado inashuka? Nikichelewa foleni, Mzee Likwata yuko kituoni na fimbo yake ya mpingo, anahesabu abiria.

Juzi Jumamosi kulikuwa na mdahalo mkubwa mjini, vijana wa vyuo vyote. Nimeupania kwa wiki nzima. Nikajipanga, nikapiga pasi, nikamfuata Bibi chumbani kuomba ruhusa.

Nikamkuta mbele ya kioo. Wanja, hina, udi unafuka, dera jipya la kung'aa. Mzee Likwata kasimama mlangoni na koti, anatikisa funguo.

"Mnakwenda wapi, Bibi?"

"Kwenye taarabu."

"Na mimi nina mdahalo."

"Haiwezekani, mke mwenzangu. Nyumba itabaki na nani? Na maharage yako jikoni."

Nikasimama pale nimeshika pochi yangu. "Sasa mtarudi saa ngapi?"

Bibi akanipita, marashi yananipiga usoni, akajitazama kioo mara ya mwisho.

"Cha tano hakina kengele," akasema, wakatoka.

Naandika haya nikiwa jikoni. Leo ni Jumamosi nyingine, wametoka tena.

Kama mmekuja kutafuta funzo, chukueni hili. Kabla hamjaenda kuomba baraka kwa mtu mzima, hakikisheni neno mnalolitaja lina maana moja kwenu wote. Na ukitaka kumsifia mtu uhuru wa mjini, mwangalie vizuri huyo unayemsifia. Anaweza akafungasha kabla yako, akakuachia ufunguo na sufuria.